Sura ya Tano: Mnunuzi Amebadilisha Nini?

Nyuma ya Jumba la Taifa la Maigizo, katikati ya Kampala, kuna kijiji cha maduka ya sanaa za mikono, na vibanda vingine vya aina hiyo viko Barabara ya Buganda. Picha zinazoning'inia humo unazijua hata kabla hujaziona: pundamilia, jua linalozama, wanawake waliobeba matoke kichwani, matatu zilizobanana kwenye stendi kuu. Pita vibanda vinne, na picha ileile utaikuta mara nne, saizi tofauti, mkono tofauti kidogo. Mtalii hajali. Anachotafuta ni kitu kitakachoingia kwenye sanduku, maana ndege yake inaondoka Entebbe usiku.

Waliosomea sanaa huwadharau wachoraji wa picha hizo. "Huyu amejiuza," husema, na mazungumzo huishia hapo. Baadhi yao walilipa kodi ya chumba chao cha kwanza kwa pundamilia haohao, ingawa hutawasikia wakisimulia.

Naiona shutuma hiyo kuwa ya kivivu. Inachukulia kwamba pesa ikiingia mlangoni heshima ya kazi hutokea dirishani, na kwamba msanii safi ni yule asiyeuza. Kampala haijawahi kuwa na msanii wa namna hiyo, na sidhani kama kuna mji uliowahi kuwa naye. Swali linalonisumbua ni jingine. Mnunuzi alipoweka pesa mezani, alibadilisha nini? Saizi ya kazi? Rangi? Lugha? Mwisho wa hadithi? Au alimbadilisha msanii mwenyewe, akaondoka na sauti na jina lake?

Tuanzie Mengo, kwenye jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda. Kwa vizazi vingi wapigaji wa muziki wa jumba hilo walikuwa wasanii wa kulipwa, ila malipo yao yalikuwa ardhi. Walikuwapo wapiga filimbi, wapiga entenga, yaani ngoma zilizopangwa kwa sauti hadi zikatoa wimbo kamili, na wapiga akadinda, marimba kubwa ya vibao ishirini na viwili inayochezwa na watu kadhaa kwa pamoja. Walikuja ikulu kwa zamu kutoka vijijini kwao, wakapiga, wakarudi shambani. Hakuna aliyewaambia wamejiuza. Muziki wao ulikuwa mgumu mno, na ugumu huo uliwezekana kwa sababu mtu mwenye shamba la uhakika anaweza kutumia miaka kujifunza sehemu yake moja ya wimbo.

Mei 1966 jeshi la Rais Milton Obote lilishambulia jumba hilo. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969, na falme zote zikafutwa mwaka 1967; ya Buganda haikurudi hadi 1993. Wapigaji wake walitawanyika, na entenga ikanyamaza. Sehemu kubwa ya ujuzi huo ilinusurika kwa sababu mtu mmoja, Evaristo Muyinda, aliyewahi kupiga ikulu, alikuwa na mwajiri wa pili: Jumba la Makumbusho la Uganda, alikoonyesha na kufundisha ala hizo kwa yeyote aliyetaka. Kisa hiki hakizungumzwi sana wasanii wanapojadili pesa, na naona kinastahili. Mnunuzi mmoja mwema, mkarimu na mwenye kuelewa kazi bado ni hatari, kwa kuwa siku akianguka mnaanguka wote.

Chuoni Makerere nako sanaa haikuanza kwa kuikimbia biashara. Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji mwaka 1937, na shule iliyopewa jina lake mpaka leo inataja sanaa za viwanda kabla ya sanaa safi. Mwanafunzi wake wa awali, Gregory Maloba kutoka Kenya, ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala: umbo lililoviringishwa vitambaa, likimwinua mtoto kuelekea mbinguni. Ilikuwa kazi ya kuagizwa na serikali. Mada alipewa, na tarehe haikuwa ya kujadiliana, 9 Oktoba 1962. Lakini simama chini ya mnara huo utazame vile vitambaa vinavyoukaba mwili mpaka kiunoni. Serikali inayosherehekea haiagizi vitambaa. Hapo ni Maloba anayesema kwamba uhuru umezaliwa ukiwa bado umefungwa. Mnunuzi aliamua kazi ihusu nini, msanii akaamua inasema nini, na kwa maoni yangu huo ni mkataba mzuri kuliko mingi niliyoisikia tangu hapo.

Sasa twende Wakaliga, upande wa Rubaga, kwenye mtaa wa vyumba vya matofali na mitaro iliyo wazi. Hapo ndipo Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali, alipoanzisha Ramon Film Productions, jina lililounganishwa kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Utotoni hakuwa akienda kwenye vibanda vya video. Kaka zake walikwenda, wakarudi kumsimulia filamu, naye akaziona kichwani. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri. Bunduki za filamu zake zilichomelewa kwa vyuma chakavu. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, ikitiwa ndani ya kondomu ili ipasuke, hadi mwigizaji mmoja alipougua, ndipo wakahamia rangi ya chakula.

Filamu yao iliyotoka 2010, *Who Killed Captain Alex?*, iligharimu chini ya dola 200. Wateja waliowalenga walikuwa watu wa mtaani na wa miji midogo ya Uganda, na biashara yenyewe ilikuwa hivi: unachoma diski, waigizaji wanaibeba nyumba kwa nyumba, pengine wakiwa wamevaa mavazi ya kwenye filamu, na kila anayeuza anabaki na sehemu yake. Muda wa kuuza ulikuwa kama wiki moja. Baada ya hapo nakala za wizi zinajaa kila kona na hakuna anayenunua halali tena. Kwa hiyo filamu mpya ilipaswa kuja haraka, na ya kabla yake ilipaswa kupisha nafasi kwenye kompyuta. Nabwana alifuta mafaili ya filamu hiyo ili ahariri nyingine. Nakala iliyobaki, ambayo dunia nzima inaijua leo, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake.

Msomaji asiyejua vibanda vya video vya Kampala anahitaji maelezo kidogo hapa. VJ ni mtu mwenye maikrofoni anayekaa pembeni ya skrini na kufasiri filamu ya kigeni kwa Kiganda, akiongeza utani, matusi madogo, umbea wa mtaa na majina ya watu wanaojulikana. Watu hulipa kiingilio zaidi kwa ajili ya VJ kuliko kwa ajili ya filamu. VJ Jingo ana wafuasi ambao waigizaji wengi wa Hollywood wangewaonea wivu kama wangejua wapo. Hiyo ni sanaa kamili, na ilizaliwa sokoni, kwa kugombania wateja wa shilingi chache.

Vionjo vya Kapteni Alex vilipoingia intaneti, mtu kutoka New York, Alan Hofmanis, alipanda ndege mwaka 2011 kuja kumtafuta aliyevitengeneza, akaishia kuwa mshirika wa studio. Mwaka 2015 filamu nzima iliwekwa YouTube, na VJ Emmie akitania kwa Kiingereza. Mwaka huohuo waliomba mchango wa dola 160 mtandaoni kwa ajili ya filamu nyingine. Zikaja zaidi ya 13,000. Mwaka 2022 Wakaliga walialikwa documenta, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika Kassel, Ujerumani, kila baada ya miaka mitano.

Hapo ndipo swali letu linapouma. Mnunuzi amebadilika kabisa. Zamani alikuwa mama muuza mkaa anayetaka kumwona kijana wa jirani akipiga teke. Sasa ni mwanafunzi wa Toronto anayecheka saa nane za usiku. Je, anachekeshwa na filamu, au anachekea umaskini wa helikopta iliyotengenezwa kwa vyuma vya kuokota? Sina hakika wote wanacheka kitu kimoja. Kilichobadilika kwenye kazi, hata hivyo, ni lugha ya utani tu. Umbo limebaki la kibanda cha video: mtu anayezungumza juu ya picha, anayejisifu, anayekuonya kwamba kipigo kinakuja. Nabwana hakuongeza simba wala machweo ili mgeni aitambue Afrika yake. Mgeni ndiye aliyelazimika kujifunza adabu ya kibanda. Kwa kipimo hicho Wakaliga wameuza sana na wametoa kidogo. Na pundamilia wa Barabara ya Buganda? Huyo ni mteja mtupu, mchoraji hayumo. Sisemi asichore. Watoto wanakula. Nasema tu kwamba asiite picha hiyo kazi yake, na mimi nisimtukane kwa kuichora.

Kuna watu wanaodhani njia ya kukwepa yote haya ni kuwa na kazi mbili, moja ya tumbo na moja ya moyo. Sanaa Gateja, mzaliwa wa Kisoro mwaka 1950, ndiye mfano ninaoujua wa mtu aliyekataa kutenganisha. Alisomea usanifu wa ndani Italia na usonara London, na aliporudi Uganda alianza kutengeneza shanga kwa karatasi zilizokwisha tumika. Unakata karatasi iwe pembetatu ndefu nyembamba, unaiviringisha juu ya kijiti kuanzia upande mpana, unagandisha ncha kwa gundi, unapaka vanishi, unaning'iniza ikauke. Kijana wa shule anaweza kujifunza mchana mmoja. Gateja aliwafundisha wanawake, vikundi kwa vikundi, na katika miaka michache mikufu ya shanga za karatasi ilikuwa kila mahali: sokoni, kwenye maduka ya makanisa ya ng'ambo, kwenye miradi ya wafadhili. BeadforLife, shirika lililoanzishwa 2004, lilijengwa juu ya shanga hizohizo.

Msanii mwingine angekesha akilalamika kwamba ameibiwa. Angekuwa na sababu. Gateja alifanya jambo ambalo linanivutia zaidi kibiashara kuliko kimaadili. Mkufu aliuacha uwe wa wote, bidhaa ya bei nafuu inayolipa ada za shule za watu wengi, naye akachukua shanga zilezile, akazishona kwa maelfu juu ya nguo ya gome la mti wa mutuba, zikawa vitambaa vikubwa vya ukutani ambavyo mwigaji wa mkufu hana subira ya kuvifanya. Wanawake wanaoviringisha karatasi wanaendelea kulipwa. Karatasi zenyewe hutoka kwenye magazeti, vitabu vilivyotupwa, hata mabango ya uchaguzi. Uso wa mgombea aliyeahidi barabara unaishia kuwa tone la rangi ya chungwa kwenye kazi inayouzwa na galari. Mwaka 2024, akiwa na umri unaozidi miaka sabini, alikuwa miongoni mwa wasanii wa banda la Uganda katika maonyesho ya sanaa ya Venice. Msimamizi wa banda hilo alikuwa Acaye Kerunen, ambaye mwenyewe hufanya kazi na wafumaji wa mikeka na vikapu, na aliyehakikisha kikundi cha wafumaji kinatajwa kama wasanii.

Fred Mutebi ana njia fupi zaidi. Yeye huchapa picha kwa ubao mmoja unaochongwa hatua kwa hatua: rangi ya kwanza inachapwa kwenye karatasi zote, ubao unachongwa zaidi, rangi ya pili inafuata, na kadhalika, mpaka ubao unabaki vipande visivyofaa kitu. Mteja akitaka nakala mia zaidi, haiwezekani, hata mchapaji mwenyewe akiwa na njaa.

Muziki wa leo nilikuwa nimeuacha kwa makusudi, maana huko ndiko mnunuzi ana nguvu zaidi. Mwanamuziki wa Kampala hapati pesa nyingi kwa kuuza nyimbo. Anapata kwa matamasha, na matamasha hudhaminiwa na kampuni za simu na za bia. Hilo peke yake silioni kuwa tatizo. Nembo ya njano nyuma ya jukwaa haigusi wimbo. Tatizo lilionekana wazi Oktoba 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Februari 2016, kundi la wanamuziki wakubwa kuliko wote nchini lilipotoa wimbo wa pamoja wa kumuunga mkono Rais Yoweri Museveni. Waliitika Jose Chameleone, Bebe Cool, Juliana Kanyomozi, Radio na Weasel na wengineo. Magazeti ya Kampala yaliandika kuhusu mamia ya mamilioni ya shilingi. Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, hakuwamo.

Tusijifanye kwamba msanii hana haki ya kuwa na chama. Anayo, kama muuza nyanya alivyo nayo. Aliyeamini alichokiimba simlaumu, na kwa nje huwezi kujua nani aliamini. Ila angalia kilichonunuliwa. Hakuna aliyehitaji melodi mpya. Kilichotakiwa kilikuwa sura kumi na kitu ambazo vijana wanazipenda, ziwe zimesimama mahali pamoja. Hiyo si bidhaa unayoweza kutengeneza nyingine wiki ijayo. Miaka mitatu baadaye, 2018, wakati mji ukiwa umechafuka kwa sababu ya kukamatwa kwa Kyagulanyi huko Arua, Bebe Cool alipanda jukwaani Lugogo akapigwa chupa na watazamaji mpaka akashuka. Urushaji wa chupa ni uhuni na siutetei. Chameleone kwa upande wake aligombea umeya wa Kampala mwaka 2021, akashindwa.

Upande wa pili nao ulilipa. Kyagulanyi, baada ya kuingia bungeni 2017, aliona matamasha yake yakizuiwa na polisi moja baada ya jingine. Wanaosema kwamba yeye alitunza heshima yake bila gharama hawajui kiingilio cha matamasha yake ya Busabala kilikuwa kinaleta pesa kiasi gani. Na niongeze jambo ambalo mashabiki wake hawatalipenda: wimbo wa upinzani nao una mnunuzi. Umati unaokushangilia kwa kumtaja mkubwa fulani utataka umtaje tena kesho, kwa sauti ya juu zaidi, na siku utakapotamani kuimba kuhusu mvua watakuona msaliti. Nimewasikia waimbaji wazuri wakigeuka watoa hotuba kwa njia hiyo, bila mtu yeyote kuwapa bahasha.

Wachoraji wana umati wao pia, ingawa huwa umevaa vizuri. Tangu Daudi Karungi afungue Afriart mwaka 2002, Kampala imepata galari inayoweza kumfikisha msanii kwenye maonyesho ya kimataifa, na Sungi Mlengeya, Mtanzania aliyeacha kazi ya benki mwaka 2018, alipanda kupitia hapo. Kisha, mnamo 2020 na 2021, wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliingiwa na kiu ya picha za watu weusi wakiwa wametulia, wanakutazama. Kila studio barani ilianza kunukia sura hizo. Mlengeya alikuwa na weupe wake mtupu unaozunguka miili kabla ya kiu hiyo. Wengi waliomfuata walikuwa na kiu ya wateja tu. Collin Sekajugo ndiye aliyenifurahisha. Alichukua picha za matangazo zinazouzwa mtandaoni, za familia za kizungu zinazotabasamu bila sababu, akaweka nyuso zake mwenyewe juu ya miili ile. Mnunuzi anayeitundika ukutani amenunua mzaha unaomhusu. Yeye na Kerunen walikuwa katika banda la kwanza la Uganda huko Venice mwaka 2022, na banda hilo likapewa tuzo ya kutajwa rasmi na majaji.

Baada ya visa hivi vyote, naweza kusema ninachokiona kuwa mpaka. Mteja akiamua mada, saizi, tarehe, hata lugha, msanii mwenye akili bado ana pa kusimama. Maloba alisimama kwenye vitambaa. Mteja akiamua kazi inasema nini, msanii amekuwa fundi wa kukodiwa, jambo la halali kabisa, alipwe kifundi na asitie jina. Mteja akitaka jina peke yake, kazi ikiwa kisingizio, hapo bei yoyote ni ndogo, kwa sababu jina haliuzwi mara mbili.

Sheria ya Haki Miliki ya Uganda ya mwaka 2006 iko karibu na mpaka huo kuliko wasanii wengi wanavyojua. Pamoja na haki za kiuchumi, zinazodumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, inampa haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa au kukatwakatwa. Haki hizo hazijilindi zenyewe. Kampuni ya matangazo itakuletea karatasi inayosema "matumizi yote, daima, kwa namna yoyote", na utaambiwa kila mtu husaini hivyo, ssebo, tuharakishe, mhasibu anaondoka saa kumi.

Ukiletewa karatasi hiyo, iweke mezani uombe kalamu. Andika pembeni mambo mteja anayoruhusiwa kubadilisha: rangi, urefu, lugha ya tangazo, muda wa matumizi. Andika chini yake kwamba mengine yote yanahitaji ruhusa yako kwa maandishi. Asaini yeye kwanza. Akikataa kusaini orodha hiyo, mwache mhasibu aende nyumbani.